Wimbo Usio na Mwenyewe

Mtongwe, Likoni
14 Januari 2025

Kwa Wakili Salsabil Awadh, Mishomoroni

Assalam aleikum mwanangu,

Mimi ni Mwanasaumu binti Faki, mwimbaji wa harusi. Hatujuani. Jina lako nimepewa na jirani aliyeniambia kuwa mna ofisi huko Kisauni inayowasaidia wasanii kwa mambo ya sheria bila kuwatoza, na kwamba wewe ni mjukuu wa watu wa Mji wa Kale lakini huna maringo. Hilo la maringo nitalihakiki mwenyewe.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi. Simu ndiyo iliyoniibia, mwanangu, na siwezi kuishitaki huku nimeishika sikioni. Barua zangu ataleta Changawa wa tuktuk, na majibu mpe yeye.

Kisa ni hiki. Huku kwetu harusi ya wanawake ina vugo. Twagonga pembe kwa vijiti, twaimba wenyewe kwa wenyewe, pazia limefungwa, na simu zote zaachwa kapuni mlangoni. Mimi huanzisha, wenzangu huitikia. Wimbo wetu mkubwa nimeutunga mimi, na kiitikio chake ni hiki:

*Mlango umefunguka, ingia na nuru yako,*
*Uliyotunziwa kwenu, itandaze uendako.*

Mwezi wa Novemba nilikuwa sokoni Likoni nachagua bamia. Likapita gari la matangazo la kampuni moja ya mafuta ya kupikia. Kwanza nikasikia pembe. Kisha nikasikia sauti ikisema “Mlango umefunguka”, na sauti ile ilikuwa yangu. Baadaye akapokea msichana mwenye sauti ya studio, halafu mwanamume akapiga ukelele kutaja bei ya mafuta. Wauza samaki walikuwa wakitikisa vichwa kwa raha. Mimi sijapata kuimba mbele ya mwanamume asiye wangu tangu nizaliwe. Nilijifunika uso kwa mtandio kama mtu aliyevuliwa nguo, bamia nikaziacha hapohapo.

Kuna mtu aliingia na simu ndani ya harusi. Simtafuti, Mungu anamjua. Nilikwenda kwenye kampuni kulalamika, wakanijibu kwa barua ya wakili wao, Ruth Lewa. Asema huo ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe, rekodi ni yao, na popote ukumbini nikitaka kuuimba niombe kibali chao. Wameniletea karatasi nitie sahihi kukubali kuwa ni wa jadi. Nikitia, kikundi chetu kitapewa mafuta katoni kadhaa na hatutasumbuliwa.

Mjukuu wangu Jalila anaolewa baada ya Idi. Nikitia sahihi, wimbo hautakuwa wangu hata siku moja. Nisipotia, sijui kama nitaweza kumwimbia mtoto niliyemlea mwenyewe. Niambie sheria yasemaje, kama yasema chochote kuhusu wanawake wanaogonga pembe.

Wasalaam,
Mwanasaumu binti Faki


Mishomoroni
20 Januari 2025

Shikamoo mamangu Bi Mwanasaumu,

Waaleikum salaam. Maringo ninayo kidogo, nisikufiche, ila huyaacha nyumbani nikija kazini.

Usitie sahihi. Naanza na hilo lisije likapotea katikati ya maneno. Karatasi iweke chini ya godoro, mafuta waache wakaangie wao.

Sasa sheria. Inasema mengi kuhusu wanawake wanaogonga pembe, ingawa haiwataji kwa jina. Kazi ya sanaa huwa ya aliyeitunga tangu pale ilipotungwa na kunaswa, iwe kwa maandishi au kwa sauti. Si lazima awe ameisajili popote. Na mwimbaji naye ana haki yake mbali na ya mtungaji: hairuhusiwi kuinasa sauti yake bila idhini na kuifanyia biashara. Wewe ni wote wawili. Wamekudhulumu mara mbili kwa gari moja.

Watakachokishikilia ni hilo neno “jadi”. Nyimbo za jadi zina sheria yake nyingine, na wao wanatumai kujificha humo. Kwa hiyo kazi yetu ni moja tu, kuonyesha kwamba wimbo huu una mtungaji na mtungaji huyo yuko hai Mtongwe. Naona kesi yetu ni nzuri mno, mpaka naogopa kuisifu.

Niambie tu: kuna chochote ulichowahi kuwaandikia wale watu?

Binti yako,
Salsabil


Mtongwe
27 Januari 2025

Mwanangu Salsabil,

Barua yako nilimsomesha Jalila kwa sauti, kisha nikaichukua nikaisoma peke yangu. Nilidhani sheria ni ya mashamba na ajali za barabarani. Kumbe wako watu walikaa wakafikiria kitu kisichoshikika, kitu kinachotoka mdomoni kikapotea hewani, wakasema hata hiki kina mwenyewe. Subhanallah. Nilikaa nacho mchana kutwa.

Umeniuliza kama niliwaandikia. Niliwaandikia Desemba, kwa adabu kabisa. Nilisema: “Wimbo si wangu tena, nimewapa wenyewe maarusi. Nawaomba tu muutoe barabarani.”

Nikueleze, maana nyinyi wa mjini huenda mna yenu. Kiitikio ni kimoja kwa harusi zote, lakini kila bibi arusi hutungiwa ubeti wake. Akishasingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa liwa la msandali, watu wote hutoka, hubaki mimi na yeye. Simuulizi kitu. Namtazama anavyokaa, mikono anaiweka wapi, anageuka akisikia sauti gani uani. Kuna bibi arusi hulia, kuna anayelala usingizi. Mimi nikitoka mle huwa nina ubeti. Usiku wa vugo namwimbia mbele ya wanawake, na ukishaimbwa ni wake mpaka kaburini. Siurudii tena hata mamake akinipigia magoti. Nikiurudia nitakuwa nimempokonya.

Basi ningesemaje kuwa ni wangu? Nimezeeka, mwanangu, sitaki kusema uongo kwa maandishi.

Ni mimi mamako,
Mwanasaumu


Mishomoroni
1 Februari 2025

Shikamoo mamangu,

Nilipofika pale pa “si wangu tena” niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Jana yake tu Ruth Lewa alikuwa ameniletea majibu ya barua yangu ya madai kwa kampuni, na kurasa zote alizojaza zimesimama juu ya sentensi yako hiyo. Ameandika: mdai mwenyewe amekiri kwa mkono wake kuwa si mmiliki. Namfahamu Ruth. Tulisoma chuo kimoja, na hana mchezo.

Nitakuwa muwazi: niliona kesi imekufa. Nilikukasirikia pia, na naomba radhi kwa hilo. Nilisema moyoni, huyu mama kwa nini asingenyamaza tu?

Kisha nikaisoma tena pale unapoeleza habari ya ubeti. Mara hii sikuisoma kama wakili, niliisoma kama mtu. Umesema umewapa. Mamangu, mtu hutoa alicho nacho! Hakuna atoaye kisicho chake. Wimbo wa jadi hakuna awezaye kumpa mwenzake, maana kila mtu anao tayari. Sentensi ile Ruth anayoishika kama fimbo ya kutupigia ndiyo nguzo yetu, akijua asijue.

Na kuna la pili. Kwa mila zawadi yako ni kamili, lakini kwa sheria haki ya mtungaji haihami kwa mdomo. Lazima iandikwe na kutiwa sahihi. Wewe hukumwandikia yeyote. Kwa hiyo maarusi wanazo beti zao, na haki bado unayo wewe. Hakuna aliyepokonywa.

Ninachohitaji ni hao uliowapa. Waite waje ofisini Jumamosi tarehe 22, kila mmoja aseme alipewa na nani, na aniimbie ubeti wake niuandike. Wanaume watatolewa siku hiyo, nitafunga pazia mwenyewe. Wewe usije, wasije wakasema uliwafundisha.

Je, watakuja? Wengine watakuwa wameolewa zamani sana. Huenda wamesahau.

Salsabil


Mishomoroni
23 Februari 2025

Mamangu,

Sijui nianzie wapi. Jana usiku sikupata usingizi wa maana, na leo nimeshika kalamu mara kadhaa nikaiweka.

Nilitarajia wanawake wa kujaza benchi moja. Pascalia, karani wetu, alikuwa ametoa vikombe vichache na birika ya chai. Kabla ya chai kuchemka aliniita dirishani. Njia yote kutoka stendi ilikuwa mabuibui. Tuktuk zilikuwa zikiteremsha, zikigeuza, zikienda kuleta wengine. Walitoka Likoni, walitoka Changamwe, mmoja alitoka hospitali na sare yake ya uuguzi chini ya buibui. Benchi liliisha, mikeka ikaisha, wakakaa ngazini. Muuza duka wa chini alipanda kuuliza kama kuna maiti.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mrefu sana anayetembelea fimbo, aitwaye Sheikha. Alisema, “Nilipewa na Mwanasaumu,” kama mtu anayetaja jina la mwalimu wake wa Kurani. Alisema usichana wake wote alikuwa akiinama kwa kuonea haya kimo chake, na kwamba wewe hukumuuliza chochote siku ile. Kisha akaniimbia:

*Sheikha, usiiname, dari si adui yako,*
*Kimo ulichojaliwa ni taji lililo lako.*

Sauti imemwisha, lakini neno hata moja halikumtoka. Aliposimama kuondoka nilimtazama mgongo. Ana fimbo, na umri ule, na bado hainami.

Baada yake yule muuguzi, Salha. Mamake alifariki wiki chache kabla ya harusi.

*Mamako hayuko hapa, udi wake uko kwako,*
*Ukijifunika leso, ni yeye begani mwako.*

Ilibidi niombe dakika. Aliyemfuata akanichekesha kwa kusudi, nadhani alinihurumia. Alisema, “Mimi mume aliniacha, akachukua friji, akachukua kitanda, ubeti akaniachia. Hakujua ndio ulikuwa kitu cha maana humo ndani.”

Nikaandika mpaka kiganja kikafa ganzi. Hakuna ubeti uliofanana na mwingine, na kila mmoja ulikuwa umekaa kwa mwenyewe kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Niliwauliza, nyinyi kwa nini hamkusahau? Walinitazama kama niliyeuliza kwa nini hawajasahau majina yao. Mmoja huuimba akifua. Mmoja huuimba akiwa na uchungu wa kuzaa. Mmoja alisema hajawahi kuutamka mbele ya mtu tangu aimbiwe, na aliniimbia mimi akiwa amefumba macho.

Pascalia ni mtu wa Machakos, na vugo hajapata kuliona. Ilipofika jioni alikuwa amekaa sakafuni katikati yao akiitikia kiitikio.

Nimesomea sheria za kazi za sanaa, na siku zote nilifikiri kazi hukaa ndani ya vitabu, au kanda, au picha ukutani. Yako imekaa ndani ya wanawake wanaouza mahamri na kufundisha na kuosha wagonjwa, na wanatembea nayo barabarani wala hatuwajui. Nimekaa mji huu maisha yangu yote. Naona haya, na nina furaha ambayo siwezi kuieleza kisheria.

Kampuni imekubali tuketi na mpatanishi kabla ya kufika mahakamani, naye ni Bwana Musyoka. Tutakutana naye Aprili baada ya Idi, wewe, mimi, Ruth na mtu wa kampuni.

Salsabil


Mtongwe
27 Februari 2025

Mwanangu,

Nimeipokea. Uliposema Sheikha hainami nilicheka, kisha nikalia, kisha nikamkaripia Jalila aliyekuja kuuliza kuna nini.

Beti zile usiniletee. Najua umeziandika zote na ungependa nizione. Lakini nikitoa nimetoa, na sitaki kuzipekua tena kama mama anayefungua kasha la binti yake aliyeolewa. Yatosha kujua ziko hai. Wallahi sikujua. Nilidhani zinakwisha na harusi, kama hina.

Sasa nina hofu moja, na Ramadhani ikiingia nitaibeba ndani ya swaumu. Huyo Bwana Musyoka ni mwanamume. Mtu wa kampuni ni mwanamume. Wakiniambia niimbe mbele yao nitafanyaje? Sauti yangu imeshatembezwa barabarani bila ridhaa. Kuitembeza mwenyewe kwa ridhaa yangu, hapana. Afadhali nishindwe. Nakwambia mapema ili siku hiyo usinikonyeze wala kunikanyaga mguu.

Ramadhani njema, nawe uniombee.
Mwanasaumu


Mishomoroni
10 Aprili 2025

Mamangu Bi Mwanasaumu, shikamoo,

Jana uliondoka ukidhani tumeshindwa. Nilikufuata mpaka ngazini, nikakuta Changawa ameshawasha tuktuk. Hukugeuka. Simu hutaki, basi itabidi uyapate kwa barua, nayo nimeiandika mbio.

Nianze pale mambo yalipoharibika. Ruth alisoma beti za wale wanawake zote, na nakiri alizisoma kwa heshima. Kisha akasema: “Mashahidi ni wengi na ni wakweli. Lakini wanawake hawa wanajuana. Huenda kila mmoja alijitungia, huenda bibi zao waliwatungia. Kama mama huyu ndiye kisima, na achote tuone. Atunge sasa hivi.”

Nilikuwa nimeshasimama kupinga. Wewe ukasema polepole, kama mtu anayekataa kuongezwa chai, kwamba mbele ya wanaume huimbi, na tena ubeti hautungwi bure bure, lazima awepo bibi arusi. Mtu wa kampuni akatabasamu. Nilimwona, akajiegemeza kwenye kiti akijua mambo yamekwisha.

Ndipo ukamgeukia Ruth ukamuuliza, “Waolewa lini, mwanangu?”

Sikujua kama anaolewa. Hakuna aliyejua pale. Yeye akajibu “Agosti” kabla ya kukumbuka kuwa hatakiwi kujibu.

Bwana Musyoka aliinuka kwanza, akachukua kikombe chake akatoka, akamwashiria mtu wa kampuni amfuate. Namshukuru kwa hilo. Tukabaki wanawake: wewe, yeye, mimi na Pascalia. Ukavuta kiti ukakaa mbele yake. Ukamtazama. Ruth alijaribu kupanga karatasi zake, ukamwekea mkono juu ya mikono yake, akaacha. Mimi nilisahau kama kuna kesi. Kisha ukaanza kubisha mezani kwa kifundo cha kidole, ukaimba kiitikio, na Pascalia akaitikia, kisha hivi:

*Ruthi, wasemea watu, leo sema neno lako,*
*Ukivuka kizingiti, vuka na sauti yako.*

Uliimba mara moja. Ukafunga mtandio, ukamwambia “Huo ni wako,” ukatoka. Hapo ndipo uliponiacha.

Haya ndiyo ambayo hukuyaona. Ruth hakuinuka. Alikaa vilevile, mikono juu ya meza pale ulipoiacha, machozi yanamtoka wala hayafuti. Nilimjua chuoni miaka yote, sijapata kumwona hivyo. Nami nilikuwa nimesimama ukutani. Nilikuwa nimeona kitu kikiingia duniani ambacho dakika moja kabla hakikuwapo popote, si kwenye kitabu, si kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote.

Bwana Musyoka akabisha hodi, wakaingia. Akamuuliza Ruth, “Je, ametunga?”

“Ametunga.”

“Uliwahi kuusikia ubeti huo kabla ya leo?”

“Hakuna aliyewahi.”

“Basi ni wa nani?”

Ruth akajibu, “Ni wangu. Amenipa.”

Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe. Ndiyo yaleyale uliyowaandikia Desemba, na ndiye aliyekuwa akitupiga nayo tangu Januari. Mtu wa kampuni akamwita, “Wakili?” Alifunga faili taratibu, akamwambia Bwana Musyoka: “Naomba kujiondoa. Siwezi kumtetea mteja wangu katika jambo ambalo nimekuwa shahidi wake.”

Na ni kweli, hiyo ndiyo kanuni yetu. Wakili hawi shahidi na mtetezi katika kesi moja. Bwana Musyoka ameahirisha ili kampuni itafute wakili mwingine au itafute busara.

Mamangu, niambie ukweli. Ulijua?

Salsabil


Mtongwe
13 Aprili 2025

Mwanangu,

Nilijua nini? Mambo ya kanuni zenu nimeyasikia kwako leo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Jalila, nimeshindwa kesi na tena nimemwimbia adui. Nikalala na kichwa kimefungwa kanga.

Nilichokijua ni kwamba yule binti alikuwa na pete mpya na kila mara aliisukuma chini ya mkono wa koti. Na kila alipotaka kusema alimtazama kwanza yule bwana wa mafuta. Anasema vizuri kuliko nyote mle ndani, Mungu amsamehe, lakini hakuna neno lake hata moja. Nikajiuliza, huyu akiingia kwa mumewe ataingia vipi? Nikamwonea huruma. Na ikishaniingia huruma ya bibi arusi mimi siwezi kuizuia, hata angekuwa binti wa Firauni.

Haikuwa hila. Waambie wote.

Mwanasaumu


Mishomoroni
19 Aprili 2025

Mamangu,

Fupi tu, Changawa ananisubiri nje. Kampuni imechagua busara. Juzi wametia sahihi. Wimbo unatolewa katika matangazo yote, rekodi yenye sauti yako inafutwa, nao wanakiri kwa maandishi kuwa wimbo umetungwa na Mwanasaumu binti Faki na kwamba wewe huhitaji kibali cha mtu kuuimba popote. Fidia tutaijadili nikija, nitakuja na halua.

Karatasi ya mafuta itoe chini ya godoro ukawashie jiko.

Mwimbie Jalila.

Salsabil


Changamwe
28 Aprili 2025

Kwa Bibi Mwanasaumu Faki, Mtongwe

Shikamoo Bibi,

Mimi ni Ruth Lewa. Salsabil ameniambia hupokei simu, kwa hiyo nimeandika. Hii ni barua yangu ya pili kwako. Ile ya kwanza, ya Desemba, ningeomba uisahau, lakini najua mtu hana haki ya kuomba hivyo, hasa wakili.

Asante kwa kunialika harusi ya Jalila. Nilikaa nyuma karibu na mlango kwa sababu sikujua kama wanawake wale watapenda kuniona. Mama mmoja mrefu mwenye fimbo aliniuliza mimi ni nani wa bibi arusi. Nikamwambia, “Nilipewa na Mwanasaumu.” Akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka wake, na hakuuliza tena.

Sitasema mengi kuhusu ulichomwimbia Jalila kwa kuwa ni chake. Nasema tu kwamba nimekulia kilomita chache kutoka kwenu, kwenye kwaya tangu utotoni, na sikuwahi kujua kwamba jambo kama hilo linatendeka ng’ambo ya maji, nyuma ya mapazia, karibu kila mwisho wa wiki. Nilitoka pale nikasimama barabarani, watu wananipita.

Nimeacha kazi kwenye ile ofisi. Mchumba wangu aliniuliza kwa nini, nikamweleza, na ilikuwa mara ya kwanza kumweleza jambo lote mpaka mwisho.

Sasa nina ombi. Ubeti ni wangu, umenipa na sitauacha. Lakini kiitikio ni chako. Harusi yangu itakuwa kanisani hapa Changamwe mwezi wa Agosti, na mama yangu na shangazi zangu wangependa kukiimba nyumbani asubuhi ile nikitolewa chumbani, wanawake peke yao, simu zikiwa mlangoni. Hatutaanza kujifunza mpaka tusikie kutoka kwako.

Naomba ruhusa yako, Bibi.

Ruth Lewa


Mtongwe
2 Mei 2025

Mwanangu Ruthi,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo na maneno. Jalila aliniona nayo uani akadhani nimeletewa habari ya msiba, nikamwambia la, nimeombwa.

Ruhusa nimekupa, wewe na mama yako na shangazi zako wote. Kiitikieni polepole, msikikimbize. Pembe nitawaletea mimi mwenyewe, na Agosti nitavuka nije kukaa nanyi.

Nimeutunga wimbo huu nikiwa na umri kama wako, mwanangu, na umeimbwa kila mahali. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.

Mwanasaumu binti Faki